Maji ya Mji na Jasho la Shamba

Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alipoyaleta mjini maji ya Chemchem, watu wa Mji walipata raha kubwa, na kwa raha ile wakasahau. Hata leo wako wadhanio kuwa maji yatoka mferejini. La! Maji yatoka shamba.

Unguja haina mlima wa theluji wala mto mkubwa. Kilichopo ni mvua ya Mwenyezi Mungu, izamayo ardhini na kutulia ndani ya mawe ya chokaa, na maji matamu yakalala juu ya maji ya chumvi. Penye miti mvua huzama polepole. Penye upara hukimbilia pwani pamoja na udongo wetu. Na tukivuta zaidi ya kinachoingia, chumvi hupanda visimani. Ndiyo sababu msitu wa Masingini, ulio juu ya chemchemi za Bububu, ukahifadhiwa.

Sasa tuulize, ndugu wanachama: ni nani alipiaye uhifadhi huo? Mkulima wa ukingoni huambiwa asikate, asichome makaa, asilime karibu na chemchemi. Maneno hayo ni ya haki. Lakini mti auachao humnywesha mtu wa Mji, naye mwenyewe haumpi hata gharama ya daftari la mtoto. Na tusifichane: mwandishi wa maneno haya ana duka, na dukani mwake makaa huuzwa. Ayaletaye polo lile hulaumiwa kwa shoka lake. Mwenye jiko na mwenye duka hatulaumiwi.

Wanavyuoni wetu wamekipa kila kisima harimu yake, yaani ardhi ya pembeni isiyochimbwa, ili maji yasalimike. Sharia hiyo hiyo haikuhalalisha mali ya mtu kutwaliwa bila ya badali.

Wenzetu wamekwisha fanya. Mwaka 1997 mji wa New York ulipatana na watu wa milima ya Catskill: Mji utoe fedha, wakulima wavilinde vijito. Ulihesabu ukaona ni nafuu kuliko kujenga mtambo wa kuchujia maji wa mabilioni ya dola. Karibu nasi, Uluguru, yatokako maji ya mto Ruvu uinyweshao Dar es Salaam, wakulima waliwahi kulipwa kwa matuta waliyochimba na miti waliyopanda. Na hapa hapa kwetu, sehemu ya kiingilio cha wageni wa Jozani hurejea vijijini. Basi kima apate fungu lake, maji yakose?

Sheria ya Misitu Nambari 10 ya 1996 imekwisha fungua mlango wa mapatano baina ya Serikali na wanavijiji. Kilichosalia ni fedha. Twataka fungu litengwe katika ankara za maji, tukianzia na mahoteli, alipwe mkulima mwenyewe kwa miti iliyosimama, si kwa miche iliyopigwa picha. Mwenye eka tatu alipwe, na alimaye bila ya hati alipwe pia. Hesabu isomwe hadharani katika kila shehia, fedha zisije zikaishia semina na posho za maofisa.

Wajumbe wetu Barazani waulize kabla ya bajeti kupitishwa: katika kila shilingi mia za maji zinazokusanywa, ngapi hurudi Masingini?