Mtihani wa Hataza na Mvuvi wa Takawiri

Usiku wa giza, maji yanayokizunguka kisiwa cha Takawiri, katika Kaunti ya Homa Bay, humetameta kwa taa za wavuvi wa omena. Karabai zilitangulia, kisha zikaja taa za betri na za nishati ya jua. Ichukuliwe kwamba fundi mmoja kisiwani amebuni taa isiyozama mtumbwi unapopinduka. Je, ni nani atakayemweleza, kwa lugha anayoielewa, kwamba uvumbuzi wake waweza kulindwa?

Sheria ipo. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mvumbuzi hataza ya miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi. Masharti ni matatu: uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya kivumbuzi, na uweze kutumika katika shughuli za uzalishaji, ambazo sheria hiyo inasema wazi kuwa ni pamoja na kilimo na uvuvi. Kwa hivyo, mvuvi hakusahauliwa na sheria. Aliyesahauliwa ni mkalimani wake.

Anayejiandaa kwa mtihani wa uwakala wa hataza mara nyingi hutumia muda mwingi akijifunza kuandika madai, yaani maelezo yanayoweka mipaka ya haki ya mvumbuzi. Sifa moja ikiongezwa pasipo haja, haki hupungua. Sifa muhimu ikiachwa, dai huweza kugusa mambo yaliyokwisha kujulikana, nalo likakataliwa. Ni dhahiri basi kwamba mtihani huu, licha ya kuwa wa sheria na sayansi, ni mtihani wa lugha.

Mataifa mengine yamelitambua jambo hili. Mtihani wa mawakala wa Ulaya hutolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Wa Japani hufanywa kwa Kijapani. Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza una lugha 10 za uchapishaji, zikiwemo Kikorea na Kireno zilizoanza kutumika mwaka 2009. Kiswahili hakimo. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili katika ibara ya 7 kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, lakini mitihani ya kuwaidhinisha mawakili hufanywa kwa Kiingereza.

Wapo watakaopinga kwamba Shirika la Miliki la Kanda ya Afrika (ARIPO), lililoko Harare, hufanya kazi kwa Kiingereza, hivyo Kiswahili hakitamfaa mtahiniwa. Hoja hii ina uzito, ila inaishia kwenye ombi lililokwisha kuandikwa. Kabla ya kuandika, wakala hana budi kumhoji mvumbuzi: kipi kilikuwepo, kipi ni kipya, nani amekwisha kukiona? Asiyeweza kuyauliza hayo kwa lugha ya mteja wake ataandika dai la kitu kingine. Wengine watasema kwamba lugha ya Takawiri ni Kijaluo, na kwamba Kisuba chenyewe kimedhoofika. Ni kweli. Hata hivyo, Kiswahili ndicho daraja lililo karibu zaidi, na istilahi zikikomaa humo, itakuwa rahisi kuzipeleka katika lugha jirani.

Kazi imekwisha kuanza. Nchini Tanzania, neno hataza hutumiwa na BRELA, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Kenya zishirikiane na vitivo vya sheria na uhandisi kuandaa faharasa ya hataza. Watahini nao waongeze swali moja tu: mtahiniwa amweleze mvumbuzi haki zake kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka. Atakayeshindwa na swali hilo hajawa tayari kumwakilisha fundi wa Takawiri, hata awe amefaulu mengine yote.