Kifua Kikibana, Achana na Saa
Shemeji yenu siku hizi halali bila saa yake ya kupima mapigo ya moyo. Sikatai, ina kazi. Taa yake ya kijani inafuatilia damu inavyopita mkononi, na mtu mzima akitulia, moyo kwa kawaida hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Tangu 2018 kuna Apple Watch zinazochora hata umeme wa moyo na kukushtua mapigo yakienda ovyo. Lakini shambulio la moyo haziligundui. Apple wenyewe wanasema hivyo. Kwa hiyo mwenzio akilalamika kifua kinabana, maumivu yanapanda taya au mkono, jasho linamtoka, usimuulize saa inasemaje. Mkimbize hospitali!