Kanuni Ipimwe Kabla ya Kumfika Mwananchi

Mamlaka ya kutunga sheria katika Jamhuri yetu ni ya Bunge. Hata hivyo, ibara ya 97 ya Katiba ya mwaka 1977 inaliruhusu Bunge kumkabidhi mtu au idara ya Serikali madaraka ya kutunga kanuni zenye nguvu ya kisheria. Jambo hilo peke yake halina ubaya, kwani Bunge haliwezi kukaa likapanga ushuru wa kila gulio. Ubaya huanza pale madaraka ya kuazimwa yanapogeuzwa kuwa ya kurithi.

Tumtazame mkulima wa Mgeta. Shamba lake limo katika Wilaya ya Mvomero, kwenye miteremko ya Uluguru. Walaji wake wako Mwembesongo na kata nyingine za Manispaa ya Morogoro. Kabichi yake haifiki kwao bila ya kuvuka mpaka wa halmashauri. Mwaka 2017 Bunge lilipunguza ushuru wa mazao, uliokuwa ukifikia asilimia 5, hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Aidha, lilifuta ushuru wa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Ilikuwa hatua ya haki. Lakini hapana budi tuulize: kabla ya hapo, ni nani aliyekuwa na wajibu wa kupima kama ushuru ule unamwinua mkulima au unamkandamiza?

Mpango wa kuboresha mazingira ya biashara uliotolewa mwaka 2018 ulikiri kwamba vibali na tozo ni vingi mno, na kwamba vyombo kadhaa vinafanya kazi ile ile. Mwaka uliofuata, usimamizi wa chakula na vipodozi ulitolewa Mamlaka ya Chakula na Dawa ukapelekwa Shirika la Viwango. Kumbe iliwezekana! Urasimu uliotetewa kwa miaka uliondolewa kwa sheria moja.

Wapo watakaodai kwamba tunataka kila mtu afanye atakavyo. La hasha. Misitu ya Uluguru isipolindwa, Mto Ruvu utakauka na Dar es Salaam itaona kiu. Chakula kibovu kisipokamatwa, wataumia wanyonge kwanza. Kanuni ya namna hiyo ni ngao ya umma. Tunayoipinga ni ile isiyomlinda mtu yeyote ila kiti cha anayeitoza.

Ni kweli kwamba kanuni huwasilishwa Bungeni, na Kamati ya Sheria Ndogo huzichambua. Lakini kazi hiyo hufanyika baada ya kanuni kutangazwa katika Gazeti la Serikali, yaani wakati mchuuzi ameshaanza kulipa. Huko Marekani, tangu mwaka 1981, kanuni kubwa za idara hupimwa gharama na faida na ofisi iliyo chini ya Rais kabla ya kutolewa. Wakosoaji wao husema mlango huo huingiwa zaidi na makampuni makubwa. Basi sisi tusiige kosa hilo: mzani wetu uanze na mama anayeuza mafungu ya nyanya.

Mambo matatu yanatakiwa. Kwanza, kila kanuni na sheria ndogo ipimwe kabla ya kutangazwa, na maoni ya wakazi yasikilizwe kwa dhati, si kwa kutimiza desturi. Pili, kila tozo iwekewe tarehe ya kukoma, ili anayeitaka iendelee ndiye atoe sababu. Tatu, kwa kuwa mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria, kanuni zibandikwe kwa Kiswahili katika ofisi ya kila kata, Mwembesongo ikiwamo.

Mtumishi wa umma anayeogopa kanuni yake ipimwe anajua uzito wake. Na mwananchi anayeibeba anaujua zaidi.