Sweta za Kijivu Zitauzwa Wapi?

Ndugu vijana, na ninyi wa mashirika, tusikieni. Mafunzo ya kufuma yametuletea uzi mweusi, mweupe na wa kijivu tu, eti ndizo rangi wateja wa Lilongwe wanapenda. Sawa, tumefuma. Mweusi unatuumiza macho jioni, hatuoni tulipokosea. Mweupe unashika vumbi la Dzaleka kabla sweta haijaisha. Lakini mjini atazipeleka nani? Malawi iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 huku ikikataa kufungwa na vifungu vya kazi na kutembea, na 2023 hata wenye maduka mjini walirudishwa kambini. Basi mkienda mikutano Capital Hill, msibebe picha zetu tumeshika sindano. Bebeni ombi la vibali vya kutoka na kuuza. Uzi tutanunua wenyewe, hata mwekundu.