"Iko Sawa Tu" Haimsaidii Aliyetengeneza Apu

Muulize mtu wa Eldoret anaionaje apu uliyomtengenezea, naye atakujibu kwa adabu: "Iko sawa tu." Ukishageuka, anaifuta kwenye simu. Hakusudii kukudanganya, amekuheshimu tu. Lakini heshima ya aina hiyo ina gharama. Apu ikiwa inagusa pesa, gharama hiyo humrudia mteja mwenyewe. Malipo yaliyokwama leo yatakwama tena kesho kwa jirani, kwa sababu yule anayeweza kurekebisha hajaambiwa.

Hapa huwa tunakukumbusha kulinda PIN yako, kuangalia jina kabla ya kutuma pesa na kutunza ujumbe wa muamala. Leo tunakuomba kitu tofauti kidogo: ujifunze kutoa maoni yanayosaidia. Kwa maoni yetu, mteja mmoja anayejua kueleza kilichomtokea ana faida kuliko kumi wanaobonyeza nyota tano na kwenda zao.

Ni nani hao wanaotafuta maoni yako?

Hatuzungumzii kampuni kubwa zenye vituo vya kupokea simu. Tunazungumzia msanidi wa kujitegemea: mtu mmoja au wawili wenye kompyuta na wazo. Mji wetu, ambao umekuwa jiji tangu Agosti 2024, hauna uhaba wa watu hao. Kuna Chuo Kikuu cha Moi, kuna Chuo Kikuu cha Eldoret kule Chepkoilel, na kuna Eldoret National Polytechnic. Mwanafunzi anayesomea kompyuta anaona mamake akiandika hesabu za chama kwenye daftari, au mjombake akibishana na mchukuzi kuhusu lita za maziwa, anasema: hii naweza kuitengenezea apu.

Kutengeneza anaweza. Siku hizi anaweza hata kuiunganisha na M-Pesa kupitia Daraja, mlango ambao Safaricom imewafungulia wasanidi. Kinachomshinda ni kupata watu wa kuijaribu kwa kweli.

Hata Google wamelifanya jambo hilo kuwa sharti. Mtu binafsi aliyefungua akaunti mpya ya msanidi kuanzia katikati ya Novemba 2023 hawezi kuitoa apu yake kwa umma kwenye Play Store mpaka kwanza ijaribiwe na kikundi cha watu kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa watu 20. Desemba 2024 idadi ikapunguzwa hadi 12.

Watu 12 ni wachache, si ndiyo? Jaribu kuwatafuta uone. Wengi wa wasanidi huishia kubadilishana na wageni mtandaoni: wewe pakua yangu, mimi nipakue yako. Siku 14 zinaisha, idadi imetimia, sharti limetimizwa. Ila kati ya wale 12 hakuna hata mmoja aliyewahi kuuza sukuma wiki Langas au kukusanya karo ya watoto Januari. Wameiweka apu kwenye simu, hawakuitumia. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

M-Pesa yenyewe ilinyooshwa na watumiaji

Ukidhani maoni ya mtu wa kawaida hayabadilishi kitu, kumbuka huduma unayoitumia kila siku ilivyoanza. Oktoba 2005, M-Pesa ilipoanza kujaribiwa Nairobi na Thika, haikuwa ya kutumiana pesa. Ilikusudiwa kumsaidia mtu aliyekopa kutoka shirika la mikopo midogo la Faulu alipe deni lake kwa simu. Waliojaribu walikuwa wateja mia kadhaa tu na maduka manane ya mawakala.

Watu wale hawakufuata mpango ulivyochorwa. Walianza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Wengine waliwanunulia jamaa zao wa mashambani salio la simu. Wafanyabiashara waliweka pesa jioni ili wasilale nazo, na wasafiri waliweka kabla ya kuondoka wakazitoa walikofika. Waliokuwa wakisimamia majaribio waliyaona hayo, wakakubali kwamba watumiaji wamewaonyesha kitu kilicho kikubwa kuliko mkopo. Machi 2007 M-Pesa ilipozinduliwa kwa Wakenya wote, ujumbe wake ulikuwa rahisi: tuma pesa nyumbani.

Kwetu huku pia kuna mfano, nao unatoka hospitalini. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa Eldoret, kilianza kutumia kompyuta kutunza rekodi za wagonjwa, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kazi iliyoendelea kutoka hapo, ndani ya mpango wa AMPATH, ndiyo iliyochangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu ya rekodi za hospitali ambayo leo inatumika katika nchi nyingi. Daktari mwenye foleni ya wagonjwa hakulazimishwa kukaa kwenye kibodi. Aliendelea kujaza fomu ya karatasi, na karani akaingiza taarifa kwenye kompyuta. Programu iliifuata kazi ilivyo. Mtu hawezi kutengeneza kitu cha namna hiyo bila kujua anayekitumia anafanya kazi vipi.

"Imekula pesa yangu" dhidi ya maelezo kamili

Sasa tuje kwako. Tuseme umelipa Sh350 kupitia apu ya msanidi fulani, na mambo yakaenda mrama. Unaweza kuandika hivi: "Apu mbovu! Imekula pesa yangu."

Hasira yako ina haki. Lakini msanidi akisoma hayo hajui aanzie wapi. Je, PIN ilikosewa? Salio halikutosha? Mtandao ulipotea? Au pesa zilitoka na apu haikujua?

Linganisha na haya: "Jumanne saa mbili usiku nimelipa Sh350. Nimeweka PIN, ujumbe wa M-Pesa ukaja saa hiyo hiyo, lakini apu ikabaki inazunguka na baadaye ikasema sijalipa. Nikajaribu tena, ikakata mara ya pili."

Maneno hayo machache yana dhahabu. Unapolipa kupitia apu, taarifa mbili hutoka. Moja huja kwako kama SMS. Nyingine huenda kwenye kompyuta ya mwenye apu kumwambia kwamba fulani amelipa. Ile ya pili ikipotea njiani au ikichelewa, wewe umelipa na apu haijui. Maelezo yako yamemwonyesha msanidi mahali penyewe pa kuangalia, na tena yamemwambia kwamba apu yake inamruhusu mteja kulipa mara mbili. Kasoro hiyo ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, na pengine hakuwa ameiwazia kabisa.

Kwa hiyo, ukitaka maoni yako yafanyiwe kazi, jibu haya:

1. Ulikuwa unataka kufanya nini? Kulipa kodi ya nyumba, kuona salio la chama, kuagiza mbegu?
2. Ulibonyeza nini, na kwa mfuatano gani?
3. Ulitarajia nini, na badala yake kikatokea nini? Kama kulikuwa na maandishi kwenye skrini, yanakili jinsi yalivyo.
4. Ilikuwa siku gani na saa ngapi? Msanidi hutafuta kumbukumbu zake kwa saa.
5. Unatumia simu gani, na mtandao ulikuwaje? Apu inayokimbia mjini inaweza kulala ukivuka Moiben.

Usiogope kusema pia yale yanayoonekana madogo. "Sikuelewa neno hili." "Kitufe cha kulipa kiko karibu sana na cha kufuta." "Imemaliza bando langu." Msanidi hawezi kuyaona hayo akiwa chumbani kwake na WiFi na simu mpya. Wewe unayaona ukiwa kibandani, jua linawaka, mkono mmoja una nyanya na kioo cha simu kimepasuka.

Toa maoni, usitoe siri

Kuna watu watakaojifanya wasanidi ili wakuibie. Kwa hiyo shika haya.

Hakuna msanidi anayehitaji PIN yako ili kurekebisha apu. Ukilipia kwa M-Pesa ndani ya apu ya mtu mwingine, PIN unaiweka kwenye kidirisha kinachojitokeza kutoka kwa mtandao wako wa simu, wala si kwenye nafasi iliyo ndani ya apu yenyewe. Apu ikikuomba uiandike PIN ya M-Pesa ndani yake, ifunge, uifute, kisha umripoti mwenyewe.

Usimpe mtu nambari za uthibitisho zinazokuja kwa SMS. Anayekuambia "nitumie hiyo nambari nikurudishie pesa" anataka kuingia kwenye akaunti yako.

Akiomba ushahidi wa malipo, mpe kodi ya muamala, kiasi na saa. Ukipiga picha ya skrini, ficha salio lako na majina ya watu wengine kabla ya kuituma.

Na usimtumie mtu pesa za "majaribio". Msanidi akitaka ujaribu malipo, na akutumie yeye kwanza.

"Kwani mimi nalipwa?"

Hilo ni swali halali. Bando ni lako, muda ni wako, na ukishamweleza kasoro anayepata apu nzuri ni yeye. Isitoshe, Wakenya wana sababu ya kuogopa apu. Tumeona apu za mikopo zilizochukua majina yote kwenye simu ya mtu, kisha zikampigia bosi wake na mama mkwe kwa sababu ya deni dogo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na kanuni za Benki Kuu za 2022 kwa wanaokopesha kidijitali zilikuja baada ya vilio vingi. Imani ikishavunjwa na wachache, msanidi mwaminifu wa Kapsoya analipia deni lisilo lake.

Ndiyo maana tunasema jukumu la kwanza ni la msanidi. Asiombe ruhusa ya kuona majina kwenye simu kama apu yake ni ya kuhesabu lita za maziwa. Akimtaka mama mboga ajaribu apu, amrudishie gharama ya bando. Asiulize "umeipenda?", kwa sababu jibu analijua tayari. Ampe mtu kazi halisi, amwambie "hebu rekodi mchango wa leo", kisha anyamaze atazame. Kidole kikisita, hapo ndipo pana kasoro. Asikimbilie kueleza, kwa maana hatakuwepo kuwaeleza wateja wote watakaokuja.

Wala hahitaji umati. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano tu wakitazamwa wakiitumia programu hufichua sehemu kubwa ya kasoro zake. Watano wa soko la Eldoret, wanaoshika pesa za kweli kila siku, wanatosha kuanzia.

Na jambo ambalo wengi husahau: arudi. Amwambie aliyelalamika, "ile shida ya kulipa mara mbili uliyoniambia, nimeirekebisha, hebu jaribu sasa." Mtu akiona neno lake limefanya kazi, atasema tena. Akiona limemezwa na kimya, mlango ameufunga.

Upande wako, mteja, hatukuambii ujaribu kila apu unayoletewa. Chagua ile moja inayohusu shida yako kweli: chama chako, kibanda chako, kodi yako. Usipoisemea, nafasi yake itachukuliwa na apu iliyotengenezwa mbali na mtu asiyejua kwamba hapa kwetu karo inalipwa baada ya mahindi kuuzwa, wala kwamba mchango wa chama unaweza kuja kwa vipande vitatu kutoka simu mbili.

Kwa hiyo kijana wa mtaani akikujia akitafuta watu wake 12 wa siku 14, ukiona apu yake inakuhusu na haikuombi siri zako, kubali uwe mmoja wao. Itumie kwa kazi yako ya kweli, na siku ikikuudhi, mpigie umweleze: ilikuwa saa ngapi, ulibonyeza nini, kikatokea nini.