Siyo kila kompyuta inayoganda ina virusi

Wadau, leo naomba mnivumilie, nina hasira. Na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Nyumbani nina kompyuta ya mezani, ile ya mtumba niliyoinunua Kariakoo nilipopata mshahara wangu wa kwanza gazetini. Ndiyo inayonilisha. Karibu kila habari ndefu niliyowahi kuandika nimeichapa hapo, usiku, baada ya kutoka kazini. Mwaka jana ikaanza mchezo. Unaandika vizuri tu, ghafla kila kitu kinaganda. Mausi haisogei, saa ya pembeni mwa skrini inasimama, na kama ulikuwa unasikiliza muziki, spika inabaki inarudia silabi moja kama kasuku. Hakuna namna isipokuwa kushikilia swichi mpaka izime. Leo mara tatu, kesho hata mara moja hakuna, keshokutwa inaganda kabla chai haijapoa.

Nikaipeleka kwa fundi. Hata boksi hakulifungua. Akaiwasha, akaitazama kama dakika mbili, akatikisa kichwa. "Kaka, hii imejaa virusi. Hapa dawa ni kupiga Windows tu." Nikamuuliza mafaili yangu je? Akasema ya diski D hayaguswi. Nikalipa shilingi 30,000, nikarudi nyumbani na imani yangu.

Mafaili yangu hayakuwa diski D. Yalikuwa pale pale mbele ya skrini, mahali ambapo sisi wavivu wote tunatupia kila kitu. Humo ndani kulikuwa na mahojiano na wajane tisa ambao nyumba zao zilibomolewa kupisha barabara na wanadai fidia mpaka leo. Wiki tatu za kupanda daladala, kukaa kwenye vibaraza, kusikiliza. Sauti zao nilikuwa nimezihamisha kutoka kwenye simu na kuzifuta ili nipate nafasi. Nakala nyingine sikuwa nayo. Nilipogundua ilikuwa siku ya tatu, nimeshajaza vitu vipya kwenye diski, na programu za kufufua mafaili zikaniletea vipande visivyosikika.

Siku ya nne kompyuta ikaganda tena.

Sasa nisikilizeni. Virusi gani hao waliofutwa pamoja na Windows nzima, halafu wakarudi baada ya siku nne kwenye mashine ambayo sijaiunganisha hata na intaneti? Nikaenda kwa fundi wa pili. Huyu naye akapiga Windows, akaniuzia na antivirusi juu, jumla shilingi 45,000. Akanieleza pia kwamba kosa ni la Windows 10, imepitwa na wakati. Ni kweli Microsoft waliacha kutoa masasisho ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na hiyo ni sababu nzuri ya kufikiria kuhama kwa ajili ya usalama. Lakini tarehe ya Microsoft haiwezi kuisimamisha saa kwenye skrini yangu saa mbili na dakika kumi usiku.

Mimi ni mwandishi wa habari. Nikimpelekea mhariri wangu habari isemayo "fulani ameiba", swali lake la kwanza ni: umejuaje? Chanzo chako nani? Ushahidi uko wapi? Mbona basi nilipoambiwa "ni virusi" sikuuliza hata moja kati ya hayo? Nilikubali kwa sababu jamaa alisema kwa kujiamini na mimi nilikuwa na haraka. Hapo ndipo hasira yangu inaponirudia.

Nikaamua kuichunguza mwenyewe kama ninavyochunguza habari. Nikanunua daftari la shilingi 1,000. Kila ilipoganda niliandika saa iliyosimama kwenye skrini, nilikuwa nafanya nini, na imewaka kwa muda gani. Kisha nabonyeza Caps Lock. Kama taa yake bado inawaka na kuzima, huenda ni programu moja tu iliyokwama, subiri kidogo au ifunge hiyo peke yake. Kama taa nayo imekufa, mashine nzima imesimama, na hapo ni busara kuanza kushuku vyuma au madereva yake kabla ya kumlaumu Word. Yangu ilikuwa inakufa yote.

Sheria ya pili niliyojiwekea: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vinne na ikapona, hujui kilichoiponya. Ikirudia, unaanza upya.

Nikachomoa waya wa umeme, nikafungua boksi. Mama yangu, lile vumbi! Feni ya prosesa ilikuwa imevaa koti. Nikasafisha kwa brashi laini huku nimeishika feni isizunguke hovyo, nikafuta ile grisi iliyokauka kati ya prosesa na chuma cha kuipooza, nikapaka mpya. Joto la prosesa lilikuwa linapita nyuzi 90, likashuka hadi kwenye 60 hivi. Daftari likaonyesha kuganda kumepungua, kutoka karibu kila siku hadi mara mbili kwa wiki. Nikakaribia kutangaza ushindi. Lakini kupungua si kupona.

Nikaangalia kompondoo zile ndogo zilizosimama kama makopo kwenye mazabodi, maana mitumba mingi ya miaka ya mwanzo ya 2000 iliuliwa na makopo hayo kuvimba vichwa. Zangu zilikuwa bapa, safi. Nikapima diski kwa programu ya kusoma afya yake, haikuonyesha tatizo. Ikabaki RAM. Nikaweka Memtest86 kwenye flashi, programu inayowaka yenyewe kabla ya Windows, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi skrini imejaa mistari myekundu. RAM nzima haitakiwi kuwa na kosa hata moja. Ndani kulikuwa na vipande viwili, nikapima kimoja kimoja. Cha kwanza kilipita usiku mzima. Cha pili kikatoa makosa, nikakihamishia kwenye tundu lingine, makosa yakakifuata huko huko.

Kumbe ndiyo maana ilikuwa inaganda bila mpangilio. Ilikuwa inaganda pale tu mashine ilipogusa ile sehemu mbovu, na siku nyingine haikuifikia kabisa. Wala si jambo la ajabu. Mwaka 2009 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha matokeo ya kufuatilia RAM za seva za Google kwa karibu miaka miwili na nusu, wakakuta zaidi ya asilimia 8 ya vipande vilipata makosa ndani ya mwaka. Kupiga Windows juu ya RAM mbovu ni kupaka rangi nyumba iliyopasuka msingi. Nilichomoa kile kipande. Sasa ni wiki ya saba, haijaganda hata mara moja. Gharama: grisi, na daftari la shilingi 1,000.

Kuna watakaosema mafundi wetu ni matapeli. Mimi sikubali. Yule wa kwanza anajua kupima RAM, nina uhakika. Lakini nani atamlipa? Mteja akiambiwa "niachie siku mbili niipime, nipe 20,000 ya kupima" atamwona mwizi. Akiambiwa "napiga Windows, njoo jioni" anatoa hela huku anashukuru. Tunalipia kazi inayoonekana, kutafuta chanzo tunataka bure. Basi tunapata tunacholipia.

Na siyo kwenye kompyuta tu. Wangapi tumekua tukijua kila homa ni malaria, unapewa dawa ukiwa bado mlangoni? Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, mtoto na mtu mzima. Lilikuwa wazo rahisi: usitibu usichokijua. Na mwaka 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II pale Harvard walipomkuta nondo amebanwa ndani ya mashine, walimbandika kwenye daftari la kazi na kuandika saa. Daftari hilo lipo mpaka leo kwenye jumba la makumbusho Washington. Sisi mafundi wetu wangapi wana daftari? Na sisi wateja je?

Nilirudi kwa wale wajane. Nilikaa kwenye vibaraza vile vile, nikaeleza, nikaomba radhi. Saba walikubali kusimulia upya. Mmoja alikuwa amehamia kwa mwanawe Tabora, namba haipatikani. Wa tisa alinikaribisha vizuri, akanipa maji, halafu akasema: "Mwanangu, nilikwambia yote siku ile na nililia. Siwezi kulia mara mbili kwa sababu ya mashine." Nikamwamkia, nikaondoka. Habari yake haimo kwenye makala yangu, na yeye ndiye aliyekuwa na barua zote za tathmini ya nyumba yake.

Kwa hiyo wadau, kabla hujamruhusu mtu yeyote kugusa mashine yako, hamisha kazi zako kwenye flashi, hata kama amekuapia diski D haiguswi. Halafu muulize fundi wako swali ambalo mimi sikuliuliza: umejuaje? Akisema anataka kupima kwanza, mlipe.

Naomba kutoa hoja.