Aliyepona Saratani Asiachwe

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafuata wananchi karibu milioni 2 huko huko vijijini, kwa redio na vikundi vya kujisomea. Leo mwanamke wa Kijenge aliyekatwa titi Moshi, au aliyepigwa mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, hurudi nyumbani na tarehe ya kliniki tu. Tezi za kwapani zikiwa zimeondolewa, mkono waweza kuvimba miezi mingi baadaye. Amweleze nani? Jirani adhaniaye kuwa saratani huambukiza? Huko ni kumtibu mwananchi na kumtupa! Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa 2024, wafundishwe mazoezi ya mkono huo na kuwatembelea waliopona. Nauli ya Moshi ibaki kwa dharura.